Godoro la Komisheni Tupu

Nilipomaliza shule, maduka mawili ya magodoro hapa Kamembe yalinitaka. Moja lilitoa mshahara mdogo na komisheni kidogo. Lingine komisheni tupu, lakini nono. Maman, aliyeuza nyanya Bukavu maisha yake yote bila mshahara, alinisihi nichukue mshahara. Nilimwambia hajui biashara, nikachukua komisheni tupu.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa yeye. Tulivutania bei asubuhi nzima kama watu wasiojuana, na kila nilichompunguzia kilitoka kwenye komisheni yangu. Komisheni ilipoisha yote, alilipa, akakaa juu ya godoro, akajifunga kitenge vizuri.

"Sasa kimbia kule kwa mshahara," akasema, "kungali nafasi, mbele bapate muntu mwingine. Godoro utanibebea jioni."