Hisa za Ng'ombe Kumi na Wawili

Mume wangu Machibya ni mbishi, nisiwafiche. Mwaka tisini na saba aliuza ng'ombe kumi na wawili hapa Kasoli, akanunua hisa za benki mpya ya wakulima mjini Bariadi. Wenzake waliweka akiba tu. Yeye akataka awe mwenye benki! Nilifoka hadi sauti ikakauka. Akanijibu, "Kwandu, ng'ombe hufa. Hisa hazifi."

Mwaka uliofuata kijana wetu Sylvester akamposa Scola, binti wa mzee Bundala. Mahari ng'ombe kumi, mwisho Jumapili. Ikipita, Scola anaolewa na mwingine. Ijumaa tukaenda benki kuchukua hela zetu.

Jamani! Foleni ilifika barabarani. Benki ilikuwa imewakopesha wanunuzi wa pamba, bei ikaanguka, wakashindwa kurudisha. Watu waliposikia wakaja kutoa akiba zao.

Meneja, Constantine, akatuingiza ofisini. "Mzee, akiba ndiyo hutolewa. Hisa zako ni mtaji wa benki. Hasara ikija inaanza kula hizo, na wenye akiba wanalipwa kwanza. Ukitaka kutoka, tafuta mtu azinunue."

"Nani atazinunua leo?" nikamuuliza.

Hisa tulizolipia elfu kumi kumi hakuna aliyezitaka hata kwa elfu mbili. Akasema wadaiwa huenda wakalipa mwezi ujao. Watu wakitulia, benki itapona na hisa zitapanda. Wasipotulia, hela za kulipa hazifiki Jumatatu, nasi tumekwisha.

Tukatoka. Nilikuwa na hasira za kumrarua Machibya. Na nani yuko kwenye foleni? Mzee Bundala, kitabu cha akiba mkononi, hela zake zote za pamba zimo humo ndani.

"Mwangaluka, Mama Sylvester," akanisalimu. "Wewe huna uongo, hata mumeo unamsema hadharani. Hebu niambie, hela zipo?"

Foleni nzima ikageuka kunisikiliza. Machibya alinishika mkono, akaubana hadi ukauma.

"Zipo," nikasema.

Mzee Bundala akatia kitabu mfukoni. Wengine nao wakaanza kuondoka nyuma yake. "Jumapili njooni mumchukue Scola," akasema. "Ng'ombe mtaleta mkipata. Nyie ni watu wa kuaminika."

Hata hivyo Jumatatu benki haikufunguliwa, na hela za mzee Bundala zikapotelea humo. Scola ni mkwe wangu sasa, na ni mwema kuliko ninavyostahili. Hadi leo baba yake akija kumwona hunipa pole, maana anaamini na mimi nilidanganywa.