Fundi Makochi Ajifunza Kukaa

Baba yangu ni fundi makochi, na ni mtu asiyejua kukaa. Amewatengenezea watu wa mtaa mzima mahali pa kupumzisha mgongo, lakini yeye hula wima, husoma gazeti wima, na akienda kwa watu utamwona anazunguka sebuleni akibonyeza viti vya wenyewe. Sisi tumeshazoea. Wageni wakija kwetu hudhani anawafukuza.

Basi dada, ambaye hatujamwona tangu aolewe, akatuma tiketi. Alikuwa anakaribia kujifungua na alimtaka baba awepo. Kutoka kwetu hadi mji anaoishi ni kilomita elfu saba na ushei, na ndege hutumia saa tisa. Baba hakujali umbali wala kuwa juu mawinguni. Kilichomnyima usingizi ni hizo saa tisa za kiti.

"Nitaaibika," alisema. "Nitasimama simama, watanifunga kamba."

"Utafanya mazoezi," mama akaamua. Mama akiamua, hakuna rufaa.

Jumapili asubuhi mama akaburuta kochi la mteja, la watu watatu, hadi katikati ya karakana. Baba akafungwa mkanda. Mama akavaa kitambaa shingoni, akawa mhudumu wa ndege. Fundi viatu, jirani yetu, alikuja kuazima gundi, akaambiwa aketi upande wa dirishani. Alipotaka kurudi kwenye kazi yake, mama alimkodolea macho.

"Unashukia wapi? Chini ni bahari."

Akaketi tena! Mtu mzima na ndevu zake!

Ilipofika saa ya tano ya safari akatokea mwenye kochi. Nilimweleza kwamba ndege haijatua. Nilitarajia matusi, naye akauliza kama kuna nafasi.

Saa ya saba simu ikalia. Ilikuwa imechomekwa ukutani, upande wa pili wa karakana, maana betri yake imekufa na ukiichomoa inazimika. Mama akaweka sauti kubwa.

"Baba yuko wapi?" dada aliuliza. "Nimejifungua mapema! Njoo umsikie mjukuu wako."

Baba akang'ang'ania mikono ya kochi. "Siinuki."

"Inuka, mume wangu. Mazoezi basi."

"Siinuki! Nikishindwa hapa, kwake sifiki. Nimebakiza masaa mawili tu." Machozi yalikuwa yanamtoka, na hasira zangu zote za kupotezewa Jumapili zikaisha.

Nikawatazama abiria wenzake. Bila kuambiwa wakashuka, bahari wakaisahau. Tukalinyanyua kochi na baba juu yake, tukalisogeza hadi ukutani, huku mama akipiga kelele tusimwangushe. Mtoto alikuwa analia. Baba akainama kadiri mkanda ulivyomruhusu, akaweka sikio kwenye simu.

"Nyamaza, babu yangu," akasema. "Niko njiani."