Unga Mweusi na Chungu cha Mama

Kwetu Fizi, juu milimani, mwanamke aliyejifungua halazwi penye baridi. Hukaa ndani mwezi mzima na mtoto wake, dirisha limezibwa, kitambaa kimesokomezwa chini ya mlango, na katikati ya chumba kuna babula, jiko la bati la makaa, linalowaka kutwa. Mimi nafundisha kemia katika mji wa Baraka, chini kando ya ziwa, ambako joto halihitaji msaada wa mtu. Lakini mdogo wangu alipojifungua mtoto wa kike msimu wa mvua, mama alimchukua nyumbani Fizi amlee, na nilijua babula litaingia chumbani hata kabla ya kuuliza.

Nilimweleza mama kwamba makaa yakiwaka penye hewa kidogo hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayoingia katika damu na kuinyima oksijeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu.

"Mi nilizaa batoto saba na babula ndani," akasema. "We ni wa tano. Ulikufa?"

Nilikasirika, maana mimi napenda neno la mwisho liwe langu.

Ila nilikuwa na unga. Chuoni Bukavu kazi yangu ya mwisho ilihusu vichocheo, na nilitengeneza kimoja kwa mikono yangu: oksidi ya manganizi iliyochanganywa na oksidi ya shaba, nyeusi kama masizi ya sufuria. Monoksidi ikigusa unga huo hupewa oksijeni na kugeuka kaboni dioksidi, ile ile tunayoitoa puani kila siku. Unga nao hujichukulia oksijeni nyingine hewani na kuendelea na kazi. Vichocheo vingi havianzi kazi mpaka vipate moto mkali, lakini huu hufanya kazi katika ubaridi wa kawaida wa chumba. Mpaka leo nasema ni kitu cha ajabu, na anayebisha aje tubishane.

Nilitoboa kopo la maziwa juu na chini, nikatandaza unga ndani kati ya vipande viwili vya wavu wa dirisha, nikafunga feni ndogo ya kompyuta iliyokufa, inayozungushwa na betri ya sola. Jumamosi nikapanda pikipiki hadi Fizi, na kengele ya gesi mfukoni, kifaa kidogo chenye kioo cha namba. Babula likawaka, namba zikapanda, kengele ikalia hadi mama akaziba masikio. Nikawasha feni. Namba zikaanza kushuka, taratibu, na kengele ikanyamaza. Makaa yalikuwa bado mekundu.

Mama alilizunguka kopo mara mbili. "Prof, leo umetumika," akasema, na kwetu kutumika ni kufanya kazi.

Kichwa kilinivimba, nakiri. Jumapili nikarudi Baraka, na kengele nikaondoka nayo nikawaonyeshe wanafunzi. Dawa inafanya kazi, kengele ya nini tena?

Jumatano, wakati wa mapumziko, nilimpigia mdogo wangu simu.

"Mutoto iko aje?"

"Analala sana, yaya. Hata kunyonya hataki." Yaya, yaani mkubwa wake, ndivyo anavyoniita siku zote, ila leo maneno yalimtoka mazito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Na mi niko na usingizi. Mama kichwa inamuluma."

Nyuma ya sauti yake kifuniko cha chungu kilikuwa kikigongagonga.

"Nini inachemka?"

"Majani. Ya kunikanda."

"Ndani ya chumba?"

"Inje iko mvua, yaya. Tangu juzi."

Unga ule una adui mmoja, nao ni mvuke. Maji hukaa juu ya chembe zake pale pale ambapo gesi ingegusa, na ukishalowa kazi yake imekwisha. Feni huendelea kuzunguka vizuri tu, na mwenye kuitazama huona mambo ni salama. Siku mbili nzima feni yangu ilikuwa ikivuta mvuke wa chungu cha mama na kuupitisha katikati ya unga.

"Beba mutoto, toka inje," nikamwambia. Akapiga mwayo tu. "Mupe mama simu."

Mama alichukua muda kuishika. "Unasema?"

"Mama, toa babula inje. Fungua mulango."

"Mutoto atashikwa na baridi. Si dawa yako iko?"

"Dawa imekufa, mama. Mayi ya chungu imeiua. Gesi imejaa chumba. Toa babula."

Nilisikia simu ikiwekwa chini. Nikasikia bati likiburuzwa sakafuni, halafu sikusikia kitu tena.

Niliondoka shuleni bila kumuaga mtu. Barabara ilikuwa tope tupu, na njia nzima nilimfokea mwenye pikipiki, maskini, ambaye hakuwa na kosa lolote. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nilijiuliza kama mama alifika mlangoni.

Kelele za mtoto nilizisikia kabla ya kuiona nyumba. Mdogo wangu alikuwa ameketi barazani, mtoto mapajani, amefungwa vitenge, uso umempauka, na mama amesimama mvuani akiwapepea kwa ungo. Kwenye kituo cha afya waliangaliwa wote watatu, na jioni wakaruhusiwa. Nililia mbele ya muuguzi bila aibu.

Asubuhi yake nilimkuta mama nje, chini ya upenu wa paa. Alikuwa amepanga matofali juu ya babula. Yakishapata moto huyafunga kwa kitenge na kuyaingiza chumbani, karibu na kitanda. Kopo langu lilikuwa miguuni pake.

"Ulijua mayi inaiharibu?"

"Nilijua."

"Tangu wakati gani?"

"Tangu Bukavu. Niliandika ukurasa muzima juu yake."

"Uliandikia nani?"

Niliwaandikia walimu wangu watatu, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na chungu cha kuchemsha. Mama alikuwa nacho, na anacho kila mtoto anapozaliwa kwetu, na yeye nilimwonyesha namba tu.

Aligeuza tofali moja, akapuliza vidole vyake.

"Ungeniambia," akasema, "ningechemshia kwa jirani."