Kinyesi cha Tembo cha Mgombea

Nilipokuwa na miaka tisa, katika ua tuliopanga kule Kariakoo, watu wazima waliamini kwamba degedege la watoto huletwa na ndege wa kishetani anayepita juu ya mapaa. Mtoto akikakamaa na kugeuza macho, dawa yake ni kumfukizia kinyesi cha tembo. Sharti ni moja tu: asichomwe sindano. Akichomwa, amekufa. Hakuna aliyewahi kumwona huyo ndege, ila kila mtu alimjua mtu aliyemwona.

Mwaka ule mwenye duka la dawa za asili aligombea uenyekiti wa mtaa. Alipita na kipaza sauti akisema watoto wetu wanamalizwa na sindano za hospitali, na yeye akichaguliwa, degedege basi. Kisha akagawa bure vifurushi vya kinyesi cha tembo vilivyobandikwa picha yake anacheka. Watu walisukumana kuvipokea. Nikiwakumbuka wale watu wazima wakigombania mavi, naona aibu kwa niaba yao, maana wenyewe hawakuiona.

Wiki hiyohiyo mdogo wangu Hamisi, wa miaka miwili, alipata homa. Asubuhi ya pili akakakamaa mikononi mwa mama. Mama alivuta kanga ambebe ampeleke hospitali, lakini wanawake wa uani walishajaa mlangoni.

"Unaenda kumzika?" aliuliza Mama Mwajuma wa chumba cha pili, ambaye neno lake ndilo lilikuwa sheria ya ua. "Mlaze hapo. Mkaa umeshakolea."

Mama alikuwa mgeni pale, hana mume wa kumsemea. Akamlaza. Chumba kikajaa moshi, Hamisi akawa anakohoa huku anatetemeka. Mchana kifurushi kiliisha, nikatumwa dukani kwa mgombea nikachukue kingine.

Nilimkuta mke wake anafunga duka. Nikamwamkia, nikasema nilichotumwa. Akanipa bila kunitazama.

"Haya, wahi, na mimi nawahi," alisema. "Mjukuu wetu degedege limemshika tangu alfajiri. Babu yake yuko naye hospitali, katundikiwa dripu."

Nilikimbia. Nilikuwa mtoto wa haya, mbele ya watu wazima nilikuwa najificha nyuma ya mama. Siku ile nilisema yote, kwa sauti ndogo, nikitazama sakafu.

Wakacheka.

"La mjukuu wake litakuwa homa tu," alisema Mama Mwajuma. "Mtu kama yule hawezi kukosea. Lete huo mzigo, na uache umbea."

Mama hakucheka. Alimfunga Hamisi mgongoni, akampiga Mama Mwajuma kikumbo, akatoka.

Hamisi alichomwa sindano na hakufa. Ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Daktari alisema angeletwa asubuhi, huenda masikio yangesalimika. Tuliporudi naye hasikii, Mama Mwajuma aliwaambia wenzake, "Si mnaona kazi ya sindano?" Wote wakatikisa vichwa kukubali. Mgombea alishinda. Mjukuu wake alirudi mzima, na hakuna aliyeuliza alitibiwa wapi.

Zamani niliwatetea kwamba hawakusoma. Siku hizi siwatetei. Mimi mwenyewe nimeishia darasa la saba, na mama hakufika hata huko. Wale waliambiwa ukweli mlangoni kwao, wakaucheka kwa sababu aliyeuleta alikuwa mtoto, na mwongo wao alikuwa na kipaza sauti.

Sasa ninaishi Buguruni, nina binti wa miezi tisa. Siku ya chanjo yake ya surua, jirani alinitumia kwenye simu sauti ya mwanasiasa mmoja anayesema chanjo hizo zinawafunga mabinti kizazi. Chini yake walishaandika "amina" watu wengi, wengine wana watoto wanaosoma sekondari. Hamisi, aliyekuja kunitembelea, aliniona ninavyokunja uso, akaniuliza kwa ishara yule mtu anasemaje.

Nilimweleza kwa mikono: anasema sindano ni mbaya.

 Hamisi alichukua kadi ya kliniki mezani, akambeba mpwa wake, akatoka nje na kusimama akinisubiri nivae viatu.