Dakika Nne Zilizokatwa

Saa tatu kasorobo asubuhi, Mejumaa Chirau anapiga magoti na kuubandika waya wa kamera sakafuni, asije mtu akajikwaa. Viti ishirini na viwili ameshavipanga, ubao ameufuta, na madirisha ya upande wa barabara ameyafunga ili kelele za Mji wa Kale zisiingie kwenye kaseti.

Kamera aliizoea harusini. Kwa miaka tisa, mama huyu wa Majengo amerekodi sherehe za wanawake, mahali ambapo mwanamume hatii mguu. Tangu Januari mwaka huu wa 1999, kila Jumamosi anarekodi pia mihadhara ya hisabati ya juu ya Mwalimu Razia Jusab, mstaafu wa miaka 63, kwa ujira wa shilingi mia tano. Kaseti hupelekwa Uingereza kwa Kashif, mpwa wa mwalimu, naye huziingiza kwenye mtandao wa intaneti. Watazamaji sitini na mmoja huzifuata.

"Hisabati siijui hata chembe," asema akicheka. "Lakini ubao wa Mwalimu naujua. Akifika chini hufuta, hangoji mtu."

Kicheko hicho hakidumu. Ukimtajia mhadhara wa mwezi Mei, mama huyu mchangamfu huinamisha kichwa na kuanza kuchezea kifuniko cha kamera.

Siku hiyo masika yaliwazuia wanafunzi wote. Mwalimu Razia alifundisha viti vitupu, kwa ajili ya watazamaji wa mbali. Alikuwa akionyesha njia yake mwenyewe, aliyoihangaikia miaka kumi na minne, ya kuthibitisha jambo moja kuhusu nambari tasa. Alipofika kwenye hatua ngumu kuliko zote, mtandio ukamteleza kichwani. Mikono imejaa chaki, mawazo yako ubaoni, hakuhisi.

Harusini, mpiga kamera mwenye adabu hasubiri kuambiwa. Mwanamke akikaa bila stara, kamera hugeuzwa, maana kaseti huzunguka nyumba kwa nyumba. Mejumaa akaielekeza kamera kwenye feni ya darini.

"Nliona namsitiri," asema. "Mkono ulikwenda wenyewe. Dakika nne nzima namngoja ajifunike. Alipojifunika nikarudisha kamera, na ubao ushafutwa."

Angesema pale pale, yangekwisha. Badala yake alikwenda nyumbani, akazikata dakika zile za feni kama akatavyo za harusi, akapeleka nakala iliyoungwa, ile ya asili akabaki nayo.

Njia ya mwongo ni fupi. Wiki tatu baadaye zikaja barua za watazamaji: mwalimu ameruka pale palipomshinda. Mwalimu Razia alizisoma mbele ya darasa, kisha akamgeukia Mejumaa, shahidi wake wa pekee.

"Mwanangu, wewe ulikuwapo. Niliandika au sikuandika?"

"Sikumbuki, Mwalimu," akajibu.

Tangu hapo Mwalimu Razia haamini tena kichwa chake. Hujikagua kila mstari mara mbili. Ametangaza kwamba mwisho wa mwezi ataacha kusomesha, kabla uzee haujamwaibisha zaidi.

"Mimi ndiye wa kuaibika," asema Mejumaa, machozi yakimlengalenga. "Mama wa watu yuwaona akili yamtoka, na ni mimi nliyemtoa kwenye kaseti. Nikimwamkia, mkono wake nashindwa kuushika."

Kaseti ya asili, isiyokatwa, imo mkobani mwake leo. Picha ni feni tupu, lakini sauti ya mwalimu inasikika wazi, ikisoma hatua ile neno kwa neno. Darasa likishaketi, kabla ya somo kuanza, anataka kuicheza mbele ya wote na kusema alichofanya.

Mwandishi anamuuliza kama angependa jina lake lifichwe gazetini.

"La. Andika Mejumaa Chirau, wa Majengo," ajibu. Ngazini sauti ya mwalimu imeshaanza kusikika, naye anasimama na kujipangusa magoti. "Anifukuze, ni haki yake. Kamera wako wengi wa kuishika. Lakini asiache kusomesha. Ajue tu kwamba aliandika."