Hondohondo wa Mpakani

Nina siku mbili tu tangu nirudi nyumbani Manga, na tayari nimegombana na baba. Nilimuuliza mbona amepanda mikaratusi hadi ukingoni mwa kijito, naye akaniuliza kama chuo kikuu kimenifundisha kula vivuli. Nikatoka nje kupoza hasira, nikasimama pale shamba lake linapopakana na la baba mdogo. Kama ulilelewa kwenye vilima hivi, rafiki yangu, unaujua ukimya wa siku hizi: jogoo, pikipiki inayopanda mlima, redio ya jirani, basi. Hakuna sauti inayotoka juu.

Hapo mpakani palikuwa na mkuyu. Matunda yake yaliota kwa vishada kwenye shina, na yalipoiva boma zima lilinuka kama togwa iliyochacha. Tulipotoka kuchuma chai tuliweka vikapu chini, tukala ndizi za kuchemsha zilizopoa, huku hondohondo wakila juu yetu na kututemea mbegu vichwani. Walikuwa ndege wakubwa, weusi kwa weupe, mdomo kama jembe lililopandishwa juu ya jembe jingine. Mabawa yao yalivuma kama mtu anayepepeta wimbi.

"Mkuyu haupandwi na mtu," nyanya alikuwa akisema. "Hupandwa na hao."

Nilikuwa mtoto wa kuuliza, nikayazika matunda nyuma ya jikoni nione kama ananidanganya. Hayakuota. Huenda niliyazika vibaya. Hadi leo sijaamini kila alichoniambia.

Kila mwaka jike aliingia kwenye tundu la shina, akaziba mlango kwa udongo ulioletwa na dume, akaacha ufa mwembamba. Humo alitaga, akaatamia, na manyoya yake ya kurukia yakapukutika. Uhai wake wote ukawa ule mdomo wa dume unaopenya na tunda. Nilimuuliza nyanya ni kiumbe gani hujifunga hivyo.

"Anauamini mti," alisema.

Babu alipofariki, shamba liligawanywa. Unajua kwetu: kila mwana hupata kipande chembamba kama mshipi. Kamba ilivutwa kutoka barabarani hadi kijitoni, ikapita katikati ya mkuyu. Baba alitaka kuni za kuchomea matofali ya nyumba yake. Baba mdogo alitaka hizo hizo. Na jike alikuwa ameshajifungia.

Nyanya aliwaita wote wawili jikoni. Mimi nilikuwa nikimenya ndizi.

"Sisemi muuache mti milele," alisema. "Ngojeni atoke na watoto wake. Basi."

"Mama, ni ndege," baba alisema.

"Nilipokuzaa wewe nilifungiwa humu ndani, naletewa uji mlangoni. Kuna mtu alinibomolea nyumba?"

Baba mdogo alicheka. "Mimi nitangoja, mama. Lakini huyu, hata chai ya moto humshinda kungoja."

"Chunga mikono yako kwanza," baba akamjibu.

Waliahidi, wote wawili.

Sabato iliyofuata, baba mdogo hakuonekana kanisani. Baba hakusikia mahubiri. Kila wimbo ulipoisha aligeuka kutazama mlango. Tuliporudi, mkuyu ulikuwa umesimama, na baba mdogo alikuwa kitandani akitetemeka kwa malaria. Ungedhani baba angetulia. Alimtazama nduguye chini ya blanketi, akaona mtu anayejifanya. Jumapili alfajiri, msumeno wa injini ukanguruma.

Nyanya alitoka mbio bila viatu. "Si uliahidi!"

"Yeye ndiye angeanza, mama."

Mti uliangukia upande wa baba mdogo, ukaponda migomba yake. Shina lilipasuka pale pale kwenye tundu, na jike akatoka akiwa hai. Alitembea. Alipiga mabawa yasiyo na manyoya, na majirani waliokuja kuokota matawi wakacheka.

"Pasta amevuliwa koti!" alisema mwenye msumeno, kijana aliyekodiwa na baba.

Mbwa wetu alimmaliza mbele yao. Kifaranga mmoja alibaki kwenye unga wa mbao mpaka siafu wakamfikia. Hakuna aliyeona haja ya kumwondoa.

Kabla ya adhuhuri dume alikuja na matunda mdomoni. Alipunga mabawa hewani, kimo kile kile cha tundu, akitafuta pa kushika. Wavulana wakatoa manati. Jiwe lilimpata, matunda yakaanguka, akaenda. Kesho yake alirudi na mengine.

Ndugu wale waligawana kuni, na kila mmoja akamletea nyanya fungu lake. Kuni za mkuyu ni moshi mwingi na moto kidogo. Hata matofali ya baba hayakuiva sawasawa. Nilidhani nyanya angezikataa. Alipika nazo. Nilimuuliza anawezaje.

"Mtakula au hamtakula?" alinijibu. Juu ya bati, ndani ya moshi ule, mabawa yalivuma, yakaenda mbali, yakarudi.

Chuoni mhadhiri aliliita jambo hili kuvunjika kwa uhusiano kati ya mnyama na mti. Nililiandika hivyo kwenye mtihani, nikafaulu. Ni maneno safi mno. Hayana mbwa ndani yake. Nimezunguka kilima hiki chote nikitafuta mkuyu mchanga uliojiotea kwenye ua wa mtu, sijaona hata mmoja. Watu wa kanisani wananiambia Mungu ataleta mingine. Nawauliza ataileta kwa tumbo la nani, wananiombea.

Nyanya hakuwalaumu wanawe, si siku ile wala baadaye. Aliacha tu kuwaomba kitu. Alipougua kwa mara ya mwisho, wote wawili walikuwa wameketi kando ya kitanda chake, mtungi wa maji ukiwa karibu na mguu wa baba. Alisubiri mpaka mimi nikaingia kutoka kisimani, ndipo akaomba maji.