Mama Trei Hakuuliza

Mama yangu huuza mayai, na watu wote humwita Mama Trei, hata mimi nikiwa na haraka. Duka lake ni chumba chembamba chenye feni inayozunguka ikijisikia, na trei zimepandana mpaka zimempita kichwa. Akitaka kufika kwenye kiti chake hupita kiubavu, amevuta pumzi. Mteja akithubutu kumfuata huko ndani anafukuzwa. Mama hana dogo.

Kwenye kriketi aliingia kwa sababu ya yai. Kocha wa timu ya wanawake ya mkoa alikwenda dukani, kiwiko chake kikagusa trei na yai moja likaanguka. Mama wakati huo alikuwa akitafuta mfuko wa kumfungia. Hakugeuka. Alishusha mkono wa kushoto tu, akalipokea yai kiganjani, akaliweka kaunta na kusema, "Hilo unalichukua wewe, umeshalitisha." Kesho yake kocha alirudi na glavu. Mama akauliza kama huo mpira wenyewe hupasuka. Akaambiwa haupasuki. "Sasa ugumu uko wapi?" akasema, na hivyo akawa mlinda wiketi wa mkoa, katika umri ambao wenzake wanachagua miwani.

Kwa wasiojua mchezo huu, mlinda wiketi huchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kinachopita. Mpira ukigusa gongo hata kidogo tu, naye akaudaka kabla haujafika chini, mpigaji ametoka. Ila mwamuzi hasemi kitu mpaka aulizwe. Sheria ndiyo hiyo, sikuitunga mimi. Unaweza kumtoa mtu mchana kweupe, na usipouliza akabaki pale pale na gongo lake. Timu nyingine huuliza wote kwa pamoja, kwa makelele. Katika timu yetu, maana nami nilikuwa nikiichezea, kuuliza ilikuwa kazi ya Mama Trei. Ndiye mkubwa wetu, na ndiye mwenye masikio. Kapteni aliwahi kumtangulia mara moja, akasemwa njia nzima ya kurudi nyumbani kwa kosa la kudandia maneno ya watu wazima. Tangu hapo Mama asipofungua mdomo, sote tunaangalia nyasi.

Mrushaji wetu tuliyemtegemea alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, tunayekaa naye nyumba moja. Wifi ni dobi wa hoteli, na kitu kichafu kikimpita mbele hapati usingizi. Glavu za Mama hazikuwahi kufuliwa. Zilikuwa na harufu yake, na rangi ambayo siwezi kuitaja. Basi wifi, kwa moyo mweupe kabisa, akaenda nazo kazini akazitia kwenye mashine pamoja na vitambaa vya meza. Zikarudi zinang'aa, zinanukia maua, ngumu kama sahani.

Mama aliziangalia, akazigonganisha, zikalia ko. Hakutukana. Laiti angetukana! Akanuna. Mezani, wifi akiwa amekaa kando yake kabisa, Mama ananigeukia mimi nifikishe ujumbe: "Mwambie dobi chumvi ipite huku." Wifi anaipitisha. "Mwambie dobi asante." Kaka, ambaye ni dereva wa lori, ghafla akapata safari ndefu.

Nilidhani uwanjani wataona aibu. Wapi! Mama anataka mpira urushwe karibu na miguu ya mpigaji, basi ananiambia mimi ninayesimama pembeni yake, nami nakimbia mpaka kwa wifi kumwambia arushe karibu na miguu, kisha narudi na jibu kwamba amesikia, shikamoo mama. Mwamuzi wetu, mtu ambaye siku za kazi hung'oa watu meno, aliniuliza kwa upole kama mimi ni mchezaji au tarishi.

Na huo haukuwa wakati wa mchezo. Chama cha kriketi kilikuwa kimetangaza kwamba timu itakayomaliza mkiani itavunjwa, wachezaji wake wachukuliwe na mikoa itakayowataka. Tukafika mechi ya mwisho sisi na wapinzani wetu tukiwa mkiani pamoja. Asubuhi ya siku hiyo Mama alikuwa akifunga kamba za pedi zake za kukinga miguu, akaniambia bila kuniangalia, "Wewe watakuchukua. Na yule dobi watamgombania. Mimi ni yai la mwezi uliopita." Nilitaka kucheka, nikaona vidole vyake havishiki kamba. Nikachuchumaa nikamfungia mimi.

Tukacheza vizuri, niseme ukweli. Tukawabakiza wapigaji wao wawili wa mwisho, na mikimbio, ndizo pointi zenyewe, waliyohitaji ilikuwa ile ambayo mpigo mmoja wa bahati unaimaliza. Tukitoa mmoja tu, maana mpigaji hachezi bila mwenzake, tumepona. Wifi akaja mbio, akarusha. Mpigaji akapunga gongo, mpira ukapita, Mama akaudaka.

Mimi sikusikia kitu, ila nilimwona Mama uso. Ulikuwa uso ule anaokuwa nao akilimulika yai kwenye taa na kulikuta zima. Nikajua. Nikasubiri aulize. Sote tukasubiri. Wifi alikuwa katikati ya uwanja, mikono ameinua nusu, mdomo wazi, wala sauti haitoki. Kumtangulia mama mkwe mbele ya watu, tena na lile la glavu halijapoa? Bora ardhi immeze. Mpigaji mwenyewe alishaanza kuondoka, akasimama, akatutazama kwa mshangao, akarudi taratibu mahali pake.

"Mama," nikanong'ona, "amegusa?"

"Amegusa."

"Sasa si uulize!"

"Mwambie dobi aulize mwenyewe. Si anajua kila kitu?"

"Mama, timu inakufa!"

Akaninyooshea mpira, nimpelekee dobi. Nikampelekea. Nifanye nini? Wifi akaupokea, akaufuta kwenye suruali, akaanza kurudi nyuma kupima hatua zake. Kwa sheria, akianza tu kukimbia kurusha mwingine, swali la ule wa kwanza limekufa. Akafika mwisho. Akageuka. Mama alikuwa bado amesimama, hajachuchumaa, anaziangalia zile glavu nyeupe.

"Mwanangu, simama!"

Lilikuwa neno la kwanza kumwambia uso kwa uso tangu glavu zifuliwe. Wifi, mguu ukiwa ndio unainuka, alishtuka mpaka akaanguka.

"Mwamuzi!" Mama akapaaza sauti. "Vipi hiyo?"

"Ipi, mama?"

"Hiyo iliyopita! Amegusa, nimedaka!"

Mwamuzi akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Hapana. Hajatoka."

"Hajatoka vipi? Nimesikia kwa masikio yangu haya!"

"Mama, mimi sikusikia. Nilikuangalia wewe. Nikasema, kama Mama Trei mwenyewe amenyamaza, basi hakuna kitu. Ungeniuliza palepale, ningekupa."

Mama alichuchumaa polepole. Mpira uliofuata ukapigwa ukatoka nje ya uwanja, wapinzani wakakumbatiana, kwisha habari.

Kurudi nyumbani, Mama alikaa kiti kimoja na wifi kwenye basi, wakamsema mwamuzi mpaka tukafika. Walimsema kofia, walimsema mwendo, wakamsema na meno anayong'oa. "Si ulisikia, mwanangu?" "Nilisikia, mama!" Walikuwa wamepatana kama hakuna kilichotokea. Mimi nilitamani kuwagonganisha vichwa.

Timu ikavunjwa. Wifi alichukuliwa na hao hao waliotufunga, na kapteni pia. Mimi sikuchukuliwa na sikulia sana. Mama aliiweka simu kaunta, kando ya trei, na kila ilipolia alisimama kwanza ndipo akaipokea. Wote walikuwa wanataka mayai.

Sasa jioni wifi akitoka kazini hujifanya ana mkono mzito, anahitaji mazoezi. "Mama, nidakie kidogo." Mama hufunga duka, akachuchumaa uani, mgongo ukutani, chini ya kamba ya nguo. Hakuna mpigaji wala mwamuzi. Wifi anarusha, Mama anadaka, na kwa kila mpira anauliza kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Vipi hiyo?" Majirani wameshakuja kulalamika. Mimi humjibu kutoka jikoni kwamba ametoka, maana nikinyamaza anarudia. Siku hizi anauliza hata kabla mpira haujatoka mkononi mwa wifi.